Mgonjwa wa Ndani ya Miwani

Kazi yake ilikuwa kuugua. Mwili wenyewe haukuwa na kasoro ya maana, ukiacha goti moja lililolalamika siku za baridi, lakini chuo kikuu kilimwajiri augue, naye aliugua vizuri kuliko wagonjwa wenyewe. Asubuhi alivaa gauni la hospitali, akapanda kitanda katika chumba cha mafunzo, na wanafunzi wa udaktari wakaingia mmoja mmoja kumsalimia, kumhoji na kumpima. Leo figo, kesho mapafu, keshokutwa kichwa kisichokoma kuuma. Asubuhi angeweza kuwa mama aliyepewa habari mbaya hata mwanafunzi akatoka analia, na mchana ukamkuta dukani anabishana na muuzaji juu ya kipande cha sabuni. Wanafunzi walimwita Bi Mgonjwa, na jina likamfuata hadi mtaani, ambako siku aliposhikwa na homa ya kweli hakuna aliyemwamini.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Ugonjwa unatoka kwa mwalimu: umeanza lini, unauma wapi, unazidi ukifanya nini. Hapo mgonjwa hapunguzi wala haongezi. Lakini mambo ya nyumbani, kama anaishi na nani, nani anampikia, nani alimleta, anayatoa kwake mwenyewe, kama maisha yake yalivyo. Uongo wa nyumbani husahaulika. Mwanafunzi wa asubuhi akiambiwa mume yuko safarini na wa mchana akaambiwa mume ni marehemu, mtihani umeharibika. Bi Mgonjwa ndiye aliyelisema hilo mwanzoni kabisa, walimu wakaona ana haki, ikawa ndiyo kanuni.

Mwanafunzi akishatoka, yeye ndiye aliyempa maksi za adabu. Je, alisalimia? Alimtazama usoni au alitazama saa? Alisugua viganja kabla ya kumwekea mtu tumboni mikono baridi kama samaki? Vijana waliomaliza na kuwa madaktari wakubwa walimwamkia barabarani kwa heshima zote, naye aliwaambia watu waliokuwa karibu, hata wasiomuuliza, kwamba yule pale alijifunzia kugusa tumbo kwenye tumbo lake. Mwalimu wa somo lenyewe, mwanamke kijana ambaye kila mtu alimwita Daktari tu, naye alipita kitandani hapo enzi zake. Bi Mgonjwa alikuwa anakumbuka kwamba alimkata maksi kwa kuongea haraka haraka.

Wanafunzi walipoongezeka kikahitajika kitanda cha pili, na ndipo alipomleta mdogo wake. Walikuwa wamebaki wawili. Wazazi walikwisha kufa wakawaachia nyumba mbili ndogo zinazotazamana katika ua mmoja wenye bomba moja. Bi Mgonjwa alikuwa mjane, mwanawe wa pekee akiishi mbali na kupiga simu anapokumbuka. Mdogo mtu aliolewa, akaachika, hakupata mtoto, na siku zake zote alizimalizia kwenye cherehani akishona sare za shule. Bi Mgonjwa alimfundisha kila kitu: kukohoa bila kujikwaruza koo, kushika upande unaouma kwa mkono wa upande wa pili, kunyamaza kidogo kabla ya kusema neno zito. Alimfundisha kwa moyo mmoja, maana mtu hamwonei wivu mwanafunzi wake. Wanafunzi walipomwita yule Bi Mdogo, dada mtu alinuna siku nzima, akisema jina hilo linamfanya yeye aonekane mke mkubwa katika nyumba ya mitala. Lakini alinuna kwa kucheka.

Kicheko kilikwisha siku ilipokuja ile miwani.

Si miwani ya kusomea. Ni dude kubwa linalofunika macho yote na nusu ya paji la uso, ukilivaa chumba ulichomo kinapotea na unajikuta katika chumba kingine ambacho hakipo. Unageuka, kinageuka nawe. Daktari aliwaita wote wawili akawaeleza kwamba mtihani mkubwa wa mwaka wa mwisho, ule wa kumhoji mgonjwa, chuo kinafikiria kuufanyia humo. Sababu alizitoa kwa upole. Mgonjwa wa kitandani anachoka. Mwanafunzi wa mwisho wa siku hamkuti mgonjwa yuleyule aliyekutwa na wa kwanza. Mgonjwa wa kwenye miwani hachoki. Lakini hawezi kutoka hewani, lazima achukuliwe kutoka kwa mtu halisi: mtu huyo avae vazi la kubana lililoshonewa vihisi kila kiungo, kamera zimzunguke, aulizwe maswali yote ambayo mwanafunzi anaweza kuyauliza, na kila jibu, kila pumzi, vihifadhiwe. Angehitajika mtu mmoja. Wangewajaribu wote wawili.

Bi Mgonjwa alisikia habari ya mtu mmoja na moyoni akaona jambo limekwisha. Nani mwingine? Alikwenda hata kusukwa nywele, ingawa aliambiwa kichwa kitafunikwa kofia. Kwa mdogo wake alisema maneno ya faraja kabla ya wakati: kwamba kujaribu si vibaya, na atakuwa amepata uzoefu.

Fundi wa mitambo aliyekuja na lile vazi alikuwa kijana mpole, mwenye kuomba radhi kila anapobandika kihisi. Alimweleza Bi Mgonjwa kwamba vazi lile linanasa kila kitu, hata kidole kikitikisika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kusikia linanasa kila kitu, Bi Mgonjwa akaamua kulipa vya kunasa. Ugonjwa wa siku hiyo ulikuwa maumivu ya kifua, naye akayatoa yote aliyokuwa nayo: akajikunja, akakunjuka, akashika kifua kwa mikono miwili, akatupa kichwa nyuma, akahema. Miaka yote hiyo mwalimu wa kusahihisha alikaa pembeni kabisa ya chumba, na maumivu yasiyofika ukutani hayakuhesabika. Sasa hakuna aliyekuwa pembeni. Ndani ya miwani mgonjwa anakaa mbele ya pua yako, na kutoka hapo Bi Mgonjwa alionekana kama mtu anayefukuza nyuki.

Fundi alivua miwani yake akacheka, kisha akakohoa ili kicheko kionekane ni kikohozi. Alimkoholea nani? Bi Mgonjwa alijua kikohozi cha uongo kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Ikaja zamu ya mdogo mtu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja kifuani, akatulia. Alipoulizwa panauma vipi alifikiri kwanza, akajibu kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua. Ni hayo tu. Daktari aliyekuwa anamtazama kwenye miwani alipoivua alipangusa macho, akasema ni jasho la hilo dude. Hapakuwa na haja ya kutangaza matokeo.

Watu husema mwenye wivu ajinyonge, na wanasema kwa kebehi, kana kwamba wivu ni vazi unaloweza kulivua. Bi Mgonjwa aliondoka pale nao, akafika nao nyumbani, na hakupata pa kuuvua. Kilichomuuma zaidi ya yote ni kwamba alikuwa ameona. Angekuwa mjinga wa kazi angesema wamemwonea. Lakini alikuwa bingwa wa kazi, aliona mdogo wake alivyokaa, aliona kile kiganja, na alijua ni kizuri kuliko chochote alichowahi kukifanya yeye. Nani aliyemfundisha kunyamaza kabla ya neno zito? Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni hiyo, jua bado liko uani, mdogo wake alivuka kuja kwake. Alikuwa na sahani aliyoazima, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Dada," alisema, "ukisema nisiende, siendi."

Pengine angekuja kwa majivuno ingekuwa nafuu. Angepigwa vijembe viwili vitatu, wakagombana, wakapatana kesho yake kwenye bomba. Lakini kuja kupewa kwa huruma kile ambacho ulikuwa unajua ni chako! Bi Mgonjwa aliona uso wake umekuwa wa moto.

"Nenda," alimjibu. "Ila ukienda usirudi hapa kuniita dada. Katafute dada huko huko kwenye miwani."

Mdogo mtu alimtazama, akasubiri kidogo kuona kama kuna neno la pili. Halikuwepo. Akaiweka sahani kizingitini, akavuka ua kurudi kwake.

Tangu hapo zikapita wiki za kimya. Ua ule ni mdogo, ukipiga chafya huku unaambiwa afya kule, na kununiana ndani yake ni kazi inayotaka nidhamu. Mmoja alichota maji mwenzake akiwa ndani. Mmoja alianika nguo mwenzake akiwa kazini. Jirani, mama mwenye mdomo, alichungulia akasema ndugu wakigombana yeye anashika jembe akalime, lakini kulima hakuenda, alibaki pale pale ukutani kusikiliza. Siku asizokwenda chuoni, Bi Mgonjwa alikuwa anakaa dirishani asubuhi kumwona mdogo wake akitoka kwenda kurekodiwa, na mchana kumwona akirudi na michubuko ya lile vazi shingoni. Alipoiona michubuko alifurahi. Kisha akajionea aibu. Kisha akafurahi tena, kwa sababu aibu ilikuwa fupi na furaha ilikuwa tamu.

Chuoni ndiko kulikokuwa na mateso. Alilala kitandani na figo zake, na wanafunzi wakimpima tumbo walikuwa wanazungumza wao kwa wao habari za Bi Mdogo. Bi Mdogo ana kipaji. Bi Mdogo akikutazama unasahau swali. Mmoja alimwambia yeye mwenyewe, akidhani anamfurahisha, kwamba lazima anajivunia mdogo wake. Bi Mgonjwa alijibu kwamba anajivunia sana, na mwanafunzi yule akatoka na maksi ambazo hakuzielewa maisha yake yote.

Kisha Daktari akamwita ofisini. Mgonjwa wa kwenye miwani alikuwa tayari, lakini kabla chuo hakijaamua kama mtihani utafanyiwa humo au utabaki kitandani kama zamani, kilitaka mtu anayeijua kazi aingie kama mwanafunzi, amhoji, aseme wapi si kweli. Daktari hakuona mwingine zaidi yake. Na hakumficha: neno lake ndilo litakaloamua. Akisema huyu mgonjwa hafai, mtihani unarudi kitandani.

Unarudi kwake, ndivyo Bi Mgonjwa alivyosikia. Alikubali kwa uso wa mtu anayefanya hisani, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anapanga jinsi ya kukitia mchanga kitumbua cha mdogo wake. Angemuuliza swali moja mara tatu. Angemuuliza asiyotarajiwa. Angetafuta kila mshono uliofumuka, na akiupata angeuvuta mpaka gauni lote lifumuke.

Siku ilipofika, wanafunzi kadhaa walikuwa wamekaa kwenye viti nyuma, wanatazama ukuta ambako picha ya ndani ya miwani ilimulikwa ili kila mtu aone anachokiona aliyeivaa. Daktari alimfunga mkononi bangili laini, akamweleza kitu juu ya bangili hiyo. Kila anayeingia kwenye miwani anafungwa, alisema, ili mwalimu ajue mwanafunzi ameogopa wapi na amekimbia wapi, kwa sababu mdomo unaweza kujikaza lakini mapigo ya moyo hayajikazi. Mstari wake unaonekana pale chini ya picha. Bi Mgonjwa aliitikia ndiyo, ndiyo, bila kusikia hata neno moja. Mwenye hila kichwani hana nafasi ya maelekezo. Akavalishwa miwani.

Chumba kilipotea. Akawa katika chumba kingine chenye dirisha, pazia na kitanda, na ukingoni mwa kitanda amekaa mdogo wake. Alikuwa karibu kuliko walivyokuwa karibu kwa wiki zote zile. Aliinua uso akamtazama machoni.

"Karibu, daktari," alisema. "Kaa."

Bi Mgonjwa hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuja amejiandaa kwa picha, akakuta sauti ileile iliyokuwa ikimwita kutoka ng'ambo ya ua tangu utotoni, na imejaa heshima. Ukutani nyuma yake, mstari wa moyo uliruka juu. Wanafunzi walitazamana. Yeye hakuona, alikuwa kipofu wa chumba kile. Alijikaza, akaanza kuuliza kwa sauti ya ofisi, na kila aliyekuwepo aliona kwamba sauti imetulia na moyo unakwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa.

Maumivu yameanza lini? Yanakwenda mkono gani? Mdogo wake alijibu sawasawa. Akamuuliza jana alikula nini, akidhani hapo atakwama, hakukwama. Akamuuliza anapenda rangi gani. Yule wa kwenye miwani akamtazama kwa unyenyekevu akasema hajaelewa, aulizwe tena, na Bi Mgonjwa akaona huo ni mwanzo mzuri. Kisha akaona jambo bora zaidi. Kila mdogo wake alipolaza mkono kitandani, kidole gumba kilizama ndani ya shuka na kutokea upande wa pili. Kidole cha mzimu! Alifurahi hata akatabasamu ndani ya lile dude, na ule mstari ukutani ukashuka kidogo, ukapumua.

Sasa alikuwa na lake mkononi, angeweza kuvua. Lakini mtu wa kazi ni mtu wa kazi, na mahojiano hayaachwi katikati. Yalibaki maswali ya mwisho, yale ya nyumbani, ambayo kila mwanafunzi lazima ayaulize.

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Likitokea la kutokea, tumpigie simu nani?"

Mdogo wake hakujibu upesi. Alitazama mikono yake mapajani, akavuta pumzi ndogo.

"Hakuna," alisema. "Nilikuwa na dada."

Bi Mgonjwa aliuliza tena, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirekebisha. Mdogo wake alitazama mikono ileile, akavuta pumzi ileile. Hakuna. Nilikuwa na dada. Akauliza mara ya tatu, na sasa haikuwa sauti ya ofisi. Alijibiwa vilevile, bila kuchoka, bila hasira, kama alivyoahidi Daktari.

Alipoivua miwani mwanga ulimuumiza macho. Jambo la kwanza aliloliona ni ukuta, na ukutani picha ya mdogo wake imeinamisha kichwa, na chini yake mstari wenye meno marefu kama msumeno, na herufi ndogo zikisema ni moyo wa nani. Ndipo yale maelezo ya bangili yalipomfikia. Wote waliona. Waliona wivu wake tangu ile karibu ya kwanza, waliuona ukifurahia kidole gumba, na waliuona ulivyopigwa. Mtu aliyeishi kwa kuonyesha maumivu yasiyo yake alikuwa amekamatwa na ya kwake, hana gauni la hospitali wala kisingizio.

Daktari alisimama akaziba ukuta kwa mgongo wake.

"Bangili hii ina hitilafu," alisema. "Tangu asubuhi inatusumbua." Akaizima.

Hakuna aliyemwamini, na wanafunzi wote wakatikisa kichwa kukubali kwamba ni kweli, tangu asubuhi inasumbua. Wakakusanya mikoba yao wakatoka kimya kimya. Bi Mgonjwa angewapa wote maksi kamili kama angeulizwa.

Walipobaki wawili, Daktari alivuta kiti. Hakugusa habari ya ukutani. Aliuliza tu, kwa ile sauti ya polepole aliyojifunza baada ya kukatwa maksi, kama kuna pa kusahihisha.

"Pale pa simu," alisema Bi Mgonjwa. "Pale amekosea. Dada anaye."

"Ya nyumbani ni ya mgonjwa mwenyewe, mama. Hayo yanatoka kwake."

"Basi arekodiwe tena hapo tu."

Daktari alimweleza kwamba haiwezekani. Vazi lilikuwa la kukodi, limeondoka na fundi wake, na halitarudi mwaka huu wala pengine ujao. Bi Mgonjwa alitazama ile miwani juu ya meza. Alikuwa amekuja na neno moja tayari mdomoni, hafai, na hilo lingetosha. Lakini hafai kwa lipi? Kwamba amesema kweli? Akasema mgonjwa ni mzuri, hana pa kusahihishwa, mtihani ufanyiwe humo. Kidole gumba alikisahau kabisa.

Wiki ya mtihani alipewa kiti pembeni ya chumba, atoe maksi za adabu kama zamani. Siku nzima alisikiliza. Kila mlango ulipofunguliwa aliingia kijana asiyemjua, mwingine amejipulizia manukato kupita kiasi, mwingine anatetemeka, mwingine ana kiburi cha baba mwenye gari, na kila mmoja wao, bila ubaguzi, aliambiwa na mdogo wake: karibu, daktari, kaa. Wao waliambiwa. Walitazamwa machoni. Bi Mgonjwa aliwaonea wivu watoto wa watu hadi mate yakamwia machungu. Ule wivu wa kwanza, wa kukosa kuingia kwenye miwani, ulikuwa mzaha ukilinganisha na huu wa kuona kila mpita njia anapewa kile alichokitupa yeye kizingitini. Na kila mmoja, mwishoni, aliuliza simu apigiwe nani. Wengi walisema sawa wakaendelea. Kijana mmoja mnene aliacha maswali yake, akasema, "Pole, mama," na yule wa kwenye miwani akainamisha kichwa. Bi Mgonjwa alimpa maksi zote zilizokuwepo, na alimchukia kwa roho yake yote.

Katika mapumziko alikutana na karani wa idara kwenye korido, na kwa kuwa mdomo ulimwasha alimuuliza, kama utani, Bi Mdogo anaringa wapi siku hizi, mbona haonekani chuoni. Karani alishangaa kwamba hajui. Bi Mdogo hakuitwa tena tangu kurekodi kulipokwisha. Wa kazi gani sasa? Kitanda chake kimetolewa pale zilipowekwa kompyuta. Yule wa kwenye miwani hali, hachoki, hana nauli. Kitanda kilichobaki ni cha Bi Mgonjwa, kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaojifunza kugusa tumbo, maana tumbo la kwenye miwani halishikiki.

Alirudi kwenye kiti chake lakini hakusikia tena vizuri. Cherehani. Wiki hizi cherehani ya ng'ambo ya ua ilikuwa inalia kila asubuhi anapotoka na kila jioni anaporudi, naye alikuwa ameisikia akadhani ni majivuno, mtu amepata cheo cha chuo na bado anataka na sare za shule. Akasonya kila ilipolia. Kumbe yule aliyekuwa anaonewa wivu alikuwa amekaa nyumbani hana kazi, na mwenye wivu ndiye aliyekuwa anakwenda kazini.

Jioni ile hakupitia dukani wala hakubadili viatu. Aliingia uani akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa pili, na hapo mbele ya mlango akashindwa. Aliwahi kufundisha madaktari wangapi jinsi ya kuingia kwa mtu aliye na maumivu? Salimia, sema wewe nani, omba ruhusa, usiwe na haraka. Yote aliyajua, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Jirani alikuwa amekwisha kufika ukutani na ndoo tupu. Bi Mgonjwa alimkata jicho, akabisha hodi.

Cherehani ilinyamaza. Ilichukua muda mlango kufunguka. Mdogo wake alikuwa na pini mdomoni na utepe wa kupimia shingoni, na macho yake hayakuwa ya kwenye miwani; hayakuwa na karibu ndani yake, yalikuwa yamechoka na yalimtazama sawasawa. Alikuwa amekonda. Kwenye miwani hakukonda.

"Niliingia mule," alisema Bi Mgonjwa. "Nilikuhoji."

Mdogo mtu alitoa pini mdomoni. Alisema ameambiwa.

"Nilikuuliza simu tumpigie nani."

Dada mtu aliona mkono wake mwenyewe umepanda kifuani bila kutumwa, umekaa pale, hautikisiki.

"Niandike mimi," alisema. "Likitokea lolote, nipigiwe mimi. Niandike."

Mdogo wake aliichomeka ile pini kwenye nguo yake.

"Imesharekodiwa, dada," alisema, akageuka akarudi kwenye cherehani yake, na mlango hakuufunga.